Majitaka ya Nyumbani kwa Natalia

Daudi, Mbulu
9 Machi 2006

Kaka Basili,

Shikamoo. Anwani hii nimepewa na mdogo wako Kornelia. Alinipa pia habari ya msiba wa mkeo, nami nakupa pole iliyochelewa miaka mitatu. Usinilaumu. Joakimu wangu alipofariki na wewe hukuniandikia, kwa hiyo tumelingana.

Sasa nina shida ya kazi. Tangu nilipostaafu ualimu wamenipa uenyekiti wa kamati ya maji ya kata yetu ya Daudi. Vyoo vya shule ya wasichana vimejaa na shimo la zahanati limetitia. Tumepata mradi wa mabomba yatakayokusanya majitaka ya shule, zahanati na nyumba zote za sokoni, yapelekwe kwenye mabwawa matatu kule bondeni, yatibiwe humo kabla ya kuingia mtoni. Lakini halmashauri imesema hakuna koleo litakalogusa ardhi mpaka mkutano wa kata wa mwezi wa saba upitishe sheria ndogo, na sheria ndogo inaanza na tafsiri ya maneno. Kila neno linatakiwa liwe na maana moja, kwa sababu mchoro wote unasimama juu ya maneno hayo.

Mkandarasi ni Bwana Gidabuday wa Basotu. Ni mtu makini, ila Kiswahili chake cha kuandika kinachechemea. Mimi Kiswahili nakijua, mabomba siyajui. Wewe ulichora mifumo kama hii wizarani miaka thelathini. Nakutumia ukurasa wa kwanza, usahihishe bila huruma. Bwana Gidabuday anakusalimu.

Natalia


Lindi
24 Machi 2006

Natalia,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimekaa mlangoni najipepea. Joto la huku halina adabu. Niliisoma, nikaona mwandiko wako bado umeegemea kulia kama zamani, nikaiweka, nikaichukua tena.

Nilipoondoka, Mbulu ilikuwa Mkoa wa Arusha. Sasa bahasha inasema Manyara. Mtu akikaa nje mno, hata mkoa wake huhamishwa bila yeye kuulizwa.

Tuje kwenye kazi. Mmeandika kwamba majitaka ni “maji machafu”. Hapana. Mvua ikipita barabarani huwa maji machafu, lakini si majitaka, na ikiruhusiwa kuingia bombani mabwawa yenu yatajaa masika ya kwanza. Andikeni: “Majitaka maana yake ni maji yaliyokwisha kutumiwa na watu, pamoja na uchafu uliomo ndani yake, maji ya mvua hayamo.” Halafu mmeandika “shimo la kuchungulia”. Nani anachungulia nini? Hilo ni tundu la ukuta wa jirani. Neno ni “chemba ya ukaguzi”, chumba kidogo chenye mfuniko juu ya bomba, ambamo fundi huingia kuzibua. Najua hukuliandika wewe.

Huyu Gidabuday umemtaja mara mbili katika ukurasa mmoja. Amesomea wapi? Siku hizi za soko huria mtu akiwa na pikapu na muhuri tayari ni mkandarasi. Na akija huko Daudi analala kwa nani? Basotu si karibu.

Basili


Daudi
11 Aprili 2006

Kaka Basili,

Shikamoo. Nilimsomea Bwana Gidabuday ile habari ya tundu la jirani, akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, “Huyo mzee bado ana meno.” Hakukasirika hata kidogo.

Umeuliza, nakujibu. Alikuwa mpimaji kwenye mashamba ya ngano. Kazi ilipokwisha akaenda chuo Arusha akiwa na mvi, akarudi akafungua kampuni yake. Ni mgane. Anakuja kila Alhamisi na analala kwa katekista. Akija huleta samaki wa Ziwa Basotu, na juzi amenitengenezea lango lililokuwa limelala tangu Joakimu yuko hai. Haya, umejua yote.

Ukurasa wa pili ni huu. “Majitaka ya nyumbani maana yake ni majitaka yanayotoka katika nyumba ya kuishi, yaani jikoni, bafuni na chooni.” Chini yake ni hesabu yake: watu wa kila nyumba, na maji ambayo kila mtu atatumia kwa siku. Kutokana na hesabu hiyo ndipo alipopata ukubwa wa mabwawa.

Nyumba ya kwanza kuunganishwa itakuwa yangu, nimeshajiandikisha. Nimemwita fundi akanitobolea tundu la sakafuni upande wa ng'ombe, na sakafu nimemwaga saruji. Tangu niolewe nabeba samadi mgongoni kila asubuhi. Bomba likifika nitamwaga ndoo mbili za maji, samadi ijiendee yenyewe, na mimi nikasome gazeti.

Natalia


Lindi
26 Aprili 2006

Natalia,

Marahaba. Samaki hao wa Basotu unawakaanga au unawachemsha? Nauliza kwa ajili ya kazi. Mafuta yakimwagwa kwenye bomba huganda, hasa kwa baridi ya Daudi, na bomba huziba. Sheria yenu itaje “kinasa mafuta”, kisanduku kinachowekwa baada ya jiko. Kama mnakula wote mezani kila Alhamisi, kinasa mafuta cha nyumba yako kiwe kikubwa.

Lango lile Joakimu alinionyesha mwaka aliolijenga, nilipokuja kumzika mama. Lilikuwa lango zuri. Sikujua kwamba lilihitaji mtu wa Basotu.

Sasa sikiliza. Katika ukurasa wa pili mna kosa. Si la lugha, ni la mchoro wenyewe. Nimelipima na karatasi na kalamu siku nzima na ni kubwa kuliko nilivyodhani. Mabwawa hayo mkiyajenga kwa ukubwa huo yatafurika. Fundi wako mwenye mvi na cheti hajaliona, wala hataliona.

Sitaliandika hapa. Nitakuja mwenyewe kwenye mkutano wa Julai nilieleze mbele ya watu wote. Ni miaka mingi sijasimama Daudi nikasikilizwa.

Basili


Daudi
15 Mei 2006

Kaka Basili,

Shikamoo. Siku zote nimekujua una maringo, lakini hili limenishinda. Kama kuna kosa, liandike. Chini ya mabwawa ndipo mto unapopita, na kiangazi mabomba ya shule yakikauka wasichana huteka mtoni. Mradi ukipitishwa na kosa lake, ni wao watakaokunywa. Ukisema siku ya mkutano, watu wataogopa na kuukataa wote, na msaada utahamia kata nyingine. Unaliona hilo?

Alhamisi nilimwambia Bwana Gidabuday. Hakula. Alikaa kwangu mpaka jioni anarudia hesabu zake, amesogea mlangoni kabisa kwa sababu pumzi za ng'ombe wangu zinamsumbua. Akaniambia, “Ninyi Wambulu mnalala na ng'ombe kama wake wenza.” Nikamwambia, “Na ninyi Wabarabaig mnawalaza nje ili fisi wasikose mkate.” Akacheka kidogo, akarudi kwenye karatasi. Hakupata kitu.

Alhamisi ijayo ataanza tena. Uso wake umekonda. Nakuomba, si kama mwenyekiti.

Natalia


Lindi
2 Juni 2006

Natalia,

Sasa unaniomba kwa ajili ya uso wake.

Nimekata tiketi ya basi mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko mpaka Babati. Nimemwandikia Kornelia anitengee chumba. Nitasema nitakalolisema kwa mdomo wangu, na wewe utakuwa umekaa mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti, na utasikia. Yeye ana pikapu, ana samaki, ana Alhamisi. Mimi nina jambo hili moja tu. Unataka nilitie kwenye bahasha likasomewe mezani kwako, akichambua miiba?

Kuhusu “kibali cha kuunganisha”, ongezeni kwamba hakihamishiki kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Basili


Basotu, Hanang
14 Juni 2006

Mzee Basili Akonaay,

Shikamoo. Najua tumepishana umri kidogo tu, lakini Mama Natalia amesema nikikuandikia bila shikamoo utaichana barua.

Mimi si mwandishi, nitasema moja kwa moja. Unadhani mimi ndiye ninayekula vizuri pale. Sikiliza hali ilivyo. Naleta samaki, ananishukuru, anawaweka jikoni. Postamasta akileta barua yako, anavaa miwani, anakwenda kusoma nje kwenye mwanga, na chai yangu inapoa. Nikipendekeza neno anasema, “Tungoje, tuone Basili atasemaje.” Nimejenga lango. Wewe umejenga koma na nukta, na umenishinda kwa mbali. Kwa hiyo wivu kama ni kazi, wafanyakazi ni wawili.

Hesabu nimerudia mara nyingi, sioni kosa. Watu nimewahesabu mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mteremko wa bomba ni sawa. Siku za maji kukaa bwawani zinatosha wadudu wa ugonjwa kufa.

Kama unataka kunipiga, nipige. Lakini unipige mimi, usiwapige wasichana wa shule.

Gidabuday


Lindi
28 Juni 2006

Bwana Gidabuday,

Marahaba.

Hukuhesabu ng'ombe.

Kwenu ng'ombe hulala nje, kwenye boma la miiba, na mavi yao hukauka yakapeperuka. Kwetu wanalala ndani ya nyumba, ukuta mmoja na watoto. Umewaona, umelalamikia pumzi zao, lakini hukuuliza asubuhi mavi yanakwenda wapi. Hungeambiwa pia. Kuyatoa ni kazi ya wanawake, hufanywa kabla wageni hawajafika, na mwanamume wa Daudi hataitaja mbele ya mhandisi. Wanawake wenyewe hawakuitaja kwa sababu hakuna aliyewauliza. Basi kila mmoja akanyamaza na wewe ukaandika jiko, bafu na choo.

Sasa wape wanawake hao bomba na tundu la sakafuni. Aliyebeba samadi mgongoni tangu usichana wake atakuwa wa kwanza kuimwaga humo, nani atamlaumu? Ng'ombe mmoja ana uchafu wa watu wanane, labda kumi. Nyumba karibu zote za sokoni zina ng'ombe wawili au watatu ndani. Piga hesabu. Bwawa lako la kwanza litajaa tope kabla ya masika ya pili.

Usiongeze mabwawa, huna bonde la kutosha. Rekebisha tafsiri. “Majitaka ya nyumbani” yataje kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo havimo. Halafu kila nyumba ichimbiwe mfereji wake wa saruji kutoka upande wa ng'ombe mpaka shimo la samadi shambani. Mama asibebe tena, na bomba lisiguswe.

Nililijua hili tangu Aprili. Nilikuwa nimeshajisomea hotuba yangu kwa sauti humu chumbani. Nilipofika mahali pa kutoa mfano wa nyumba yenye tundu upande wa ng'ombe, nikaona kuwa nyumba ninayoijua ni moja. Ni yake. Yeye mwenyewe aliniandikia kwa furaha. Ningesimama mbele ya kata nzima nikamtaja mwenyekiti wa kamati kuwa wa kwanza kuharibu mradi wake, na wote wangegeuka kumtazama kwenye kile kiti cha mbele.

Tiketi nimeirudisha. Sema umeliona mwenyewe. Mwambie alizibe lile tundu kimya kimya kabla ya mkutano.

Sijaacha kukuchukia.

Basili Akonaay


Basotu
20 Julai 2006

Mzee Basili,

Shikamoo, na leo naitoa kwa moyo.

Mkutano umepita. Nilisimama, nikasoma tafsiri mpya, nikasema kosa lilikuwa langu na aliyeliona ni Basili Akonaay wa hapa Daudi, aliyeko Lindi. Uliniambia niseme ni mimi. Sikuweza. Kwetu mtu akiua simba akina mama humpaka siagi na ukoo humpa ng'ombe. Mtu akipokea siagi ya simba aliyechomwa mkuki na mwenzake, jina lake haliponi, na watoto wake huimbiwa nyimbo za kebehi.

Nilipofika kwenye samadi, wanaume waliangalia viatu vyao. Kisha mama mmoja mnene, Fausta wa dukani, akainuka: “Bwana mhandisi, muda wote huu ulidhani nani hutoa mavi ya ng'ombe, malaika?” Mkutano mzima ukavunjika mbavu kwa kicheko. Mwingine akapaza sauti, “Aliyeyaona amekaa Lindi! Ninyi mliolala nayo mmeona nini?” Wakaupitisha mfereji kwa kelele, halafu ndipo tukahesabu mikono. Sheria imepita.

Tundu la Mama Natalia nililiziba mwenyewe Alhamisi iliyotangulia. Alitaka kujua sababu. Nikampa barua yako asome. Hilo hukunikataza.

Gidabuday


Daudi
21 Julai 2006

Kaka Basili,

Shikamoo. Mradi umepita, na jina lako limetajwa mbele ya watu. Kornelia alilia. Koleo la kwanza litaingia ardhini baada ya mavuno.

Sasa nitakujibu swali ambalo umekuwa ukiniuliza tangu Machi, kwenye kinasa mafuta, kwenye kibali kisichohamishika, na kwenye kila mahali ulipotia nukta. Usidhani sikusoma.

Gidabuday aliniposa Februari, kabla sijakuandikia wewe. Nilimwambia asubiri kazi iishe. Anwani yako nilikwenda kuitafuta kwa Kornelia mwenyewe, kwa miguu, na sikwenda kwa ajili ya tafsiri ya maneno peke yake. Nilitaka kuona.

Nimeona. Uliliona kosa Aprili ukakaa nalo Mei yote na Juni karibu yote, huku nikikuomba. Nilikuwa nikipita mtoni naona wasichana na ndoo zao, nakufikiria wewe. Halafu nimeisoma ile barua yako kwake, na sababu ya kurudisha tiketi. Niliisomea nje. Sikuweza kurudi ndani haraka. Kama ungeniandikia siku ile ile uliyoliona, sijui ningejibu nini, lakini leo ningekuwa bado najiuliza. Sijiulizi tena. Huyu alikonda kwa ajili ya kosa lake, kisha akasimama akalitaja mbele ya watu.

Nimemwambia ndiyo. Atahamia hapa, kwa sababu mimi siendi uzeeni kuishi na fisi wa Basotu. Padri ametupa tarehe ya Oktoba.

Sitaki ukae ukidhani nilikucheka. Sikukucheka hata siku moja.

Natalia


Lindi
8 Agosti 2006

Natalia,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikitafuta ndani yake kosa, la lugha au la hesabu. Halimo.

Sitakuambia nimefurahi, utajua ni uongo. Namwonea wivu kwa samaki, kwa barabara ya vumbi anayoijua kila shimo, kwa pale mlangoni alipokaa akikonda. Namwonea wivu hata kwa lile tundu, kwamba yeye ndiye aliyepiga magoti akaliziba. Mtu wa umri wangu alitakiwa awe ameyamaliza haya. Nilimwandikia kwamba sijaacha kumchukia. Mwambie naendelea, lakini kazi inakuwa nzito, maana ni mtu mgumu kumchukia kwa muda mrefu.

Oktoba sitakuja. Kornelia atanieleza, na nitamwomba asinieleze yote.

Limebaki jambo moja la kazi. Kwenye orodha ya nyumba za kuunganishwa, nyumba yako imeandikwa mtu mmoja na ng'ombe wawili. Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Mbarabaig hahamii kwa mkewe mikono mitupu, na wewe hutawalaza ng'ombe wake nje. Upanueni mfereji wako sasa, kabla saruji haijamwagwa, maana baadaye utakuwa mwembamba na mtaanza kumwaga bombani kwa siri. Na kwenye safu ya watu, futa mmoja, andika wawili.

Basili